Panga Linapovuta Upande: Urubani wa Nchi ya Dhahabu, Kutoka Nungwe Hadi Kwenye Simuleta

Usiku mmoja wa Juni 1935, Beryl Markham aliruka peke yake kutoka Nairobi katika Avro Avian, ndege ya mabawa ya ghorofa yenye injini moja na kiti cha rubani kisicho na paa. Alikuwa amebeba chupa ya oksijeni ya mchimba dhahabu mmoja aliyekuwa mahututi kule Nungwe, kando ya Ziwa Viktoria, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Geita. Zilikuwa kilomita zaidi ya 500 za nyika isiyo na taa, na zilimchukua saa 3 na dakika 40. Kiwanja chenyewe kilikuwa kipande cha ardhi kilichosafishwa jirani na machimbo, kikamulikwa kwa moto wa mafuta ili aone pa kutua. Alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1942, kitabu kiitwacho West with the Night, alizifungua kwa safari hiyo.

Wasomaji wengi wa kitabu hicho hukumbuka ujasiri wake. Kinachosahaulika ni kazi iliyofanywa na mikono na miguu yake kwa muda wote huo gizani. Ndege ya panga, yaani ya propela, haipendi kwenda sawa. Ukiiacha ijiendee, pua itahama, bawa moja litaanza kushuka, na baada ya dakika chache ndege haielekei tena kule ilikoelekezwa. Historia ya urubani wa Usukuma na ukanda wa dhahabu wa Geita inaweza kusimuliwa kwa njia nyingi: kampuni, viwanja, ajali, magwiji. Lakini njia inayotufikisha karibu zaidi na rubani mwenyewe ni hii ya kufuatilia alivyopambana na ndege inayovuta upande.

Chanzo ni panga lenyewe. Chukua injini inayozungusha panga kuelekea kulia, kama aionavyo rubani akiwa kitini. Injini inaposokota panga kulia, panga nalo linasukuma bodi ya ndege iviringike kushoto. Ikiwa bado chini, gurudumu la kushoto hukandamizwa zaidi kuliko la kulia. Hapo hapo upepo unaorushwa nyuma na panga hauendi moja kwa moja. Unajizungusha kuuzunguka mwili wa ndege na kupiga pezi la mkia upande wa kushoto, mkia ukasukumwa kulia na pua ikageukia kushoto. Ndege ikiinua pua, kipande cha panga kinachoshuka upande wa kulia hukata hewa kwa nguvu kuliko kile kinachopanda upande wa kushoto, na pua inazidi kwenda kushoto. Kwa ndege za zamani, zile zilizokaa zikiegemea gurudumu la mkiani, kulikuwa na jambo la nne. Mkia unapoinuka wakati wa kukimbia barabarani, panga linalozunguka kwa kasi hukataa kuinamishwa na kuipeleka pua pembeni kwa ghafla.

Mambo hayo yote huwa na nguvu zaidi pale ndege inapokwenda taratibu huku injini ikivuta kwa uwezo wake wote, yaani wakati wa kuruka. Wala hayakomi ndege ikiwa hewani. Pua ikigeukia kushoto, bawa la kulia huwa linapita hewani kwa kasi zaidi kuliko la kushoto, linanyanyuka, na ndege inalala. Asiyejua huona ubawa umelala akadhani tatizo liko kwenye mabawa, kumbe lilianzia mkiani.

Usiku bila mwezi, mvuto huo huwa hatari ya kweli. Sikio la ndani, ambalo humjulisha mtu kwamba anainama, halihisi mwinamo unaokuja polepole sana. Rubani anaweza kuamini amekaa wima huku ndege imeshalala na kuanza kuzunguka ikishuka. Markham alifundishwa na Tom Campbell Black, rubani mkuu wa kwanza wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson. Katika ndege ndogo za kizazi hicho rubani alikuwa na vipimo vichache tu mbele yake. Mguu, unaougeuza usukani wa mkia kwa pedeli, ulilazimika kujua kazi yake kabla jicho halijaona kosa.

Kwa nini ndege zilihitajika Nungwe? Dhahabu ya ukanda huu ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, lakini kilichoamsha machimbo ni bei. Uingereza iliachana na kipimo cha dhahabu Septemba 1931, na Januari 1934 Marekani ikapandisha bei hadi dola 35 kwa wakia. Miamba iliyokuwa haina faida ikawa na faida ndani ya muda mfupi. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 1936 na kuendelea hadi 1966, ukiwa kati ya migodi mikubwa kabisa ya dhahabu ya Afrika Mashariki wakati huo. Reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928, lakini kati ya Mwanza na Geita kuna mkono wa ziwa. Hadi daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, msafiri wa barabara kati ya miji hiyo alisubiri kivuko au akazunguka mbali. Mgonjwa aliyehitaji oksijeni usiku ule asingeweza kungoja treni na kivuko.

Mwanza yenyewe ilikuwa imeonja usafiri wa anga mapema kuliko miji mingi ya bara. Tarehe 28 Februari 1931 Imperial Airways ilifungua safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wake kwa upande wa Afrika ulikuwa Mwanza. Njiani barua zilihamishwa kutoka ndege za nchi kavu kwenda treni, kisha ndege za majini zilizotua ziwani. Heshima hiyo haikudumu. Njia ilipofikishwa Cape Town Januari 1932, ilipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa kando. Kuanzia hapo anga ya Kanda ya Ziwa ikawa ya ndege ndogo zaidi, na ndege ndogo ndizo zenye kisa chetu.

Kabla trimu, yaani kifaa cha kuisawazisha ndege ili isivute upande, haijawa gurudumu la kuzungushwa ndani ya chumba cha rubani, ilikuwa kazi ya fundi. Ndege za mabawa ya ghorofa zilishikiliwa na nyaya kati ya bawa la juu na la chini. Fundi akikaza waya mmoja na kulegeza mwingine, aliweza kulipa bawa la upande mmoja mwinamo kidogo zaidi ya mwenzake, likapata nguvu ya kuinua na kupingana na ule msokoto wa injini. Rubani alitua, akasema inalala kushoto, fundi akachukua spana na kipimo chake, ndege ikajaribiwa tena. Kazi hiyo haikuwa na mwisho katika nchi kama hii. Mbao hunywa maji wakati wa masika na kukauka kiangazi, kitambaa hulegea na kukaza, na ndege iliyokuwa imenyooka Machi inaweza kuwa imepinda Agosti. Kila aliyewahi kuendesha baiskeli kutoka Maganzo hadi Shinyanga mjini na gunia lililolalia upande anajua mwili unavyochoka kwa kurekebisha kitu kidogo kisichoisha.

Wasanifu nao walikuwa na mbinu zao. Walilikalisha pezi la mkia kwa pembe ndogo badala ya kulinyoosha katikati, au wakaielekeza injini yenyewe pembeni kidogo. Mbinu hizo zote zina kasoro moja, na inafaa kuielewa vizuri kwa sababu ndiyo inayowachanganya hata wanaojifunza leo: zinapatana na kasi moja tu. Ndege iliyonyooshwa kwa ajili ya mwendo wa kawaida wa safari itavuta kushoto wakati wa kupanda, injini ikiwa na nguvu nyingi na mwendo ukiwa mdogo. Rubani akipunguza injini ili ashuke, msokoto unatoweka lakini lile pezi lililopindwa bado lipo, na ndege inaanza kuvuta kulia. Hakuna fundi wala msanifu anayeweza kuinyoosha kwa hali zote.

Tena si kila panga huzunguka kulia. Injini za Kiingereza za de Havilland aina ya Gipsy Major na Gipsy Six, zilizoenea sana Afrika Mashariki ya miaka ya 1930 na 1940, zilizungusha panga kushoto, kwa hiyo ndege zake zilivuta kulia. Ndivyo zilivyokuwa Tiger Moth ya kufundishia na Vega Gull ambayo Markham aliivukia Atlantiki Septemba 1936. Shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946, lilianza na ndege za de Havilland Dominie, zenye injini mbili za ukoo huohuo, zote zikizunguka upande mmoja. Baadaye zikaja Cessna na Piper za Marekani, ambazo injini zake huzunguka kulia. Rubani aliyekuwa na miaka kumi ya kukanyaga pedeli ya kushoto wakati wa kuruka alitakiwa kuufundisha mguu wa kulia upya. Huo ni ujuzi usioonekana sana kwenye historia za mashirika, ingawa kila aliyehama kutoka kizazi kimoja cha ndege kwenda kingine aliupitia.

Trimu ya kisasa inatokana na wazo ambalo mhandisi wa Kijerumani Anton Flettner alilikuza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye ukingo wa nyuma wa usukani wa mkia, eleveta (ya kupandisha na kushusha pua) au ailironi (ya kuviringisha ndege, kwenye bawa) huwekwa kibawa kidogo sana. Kibawa kikipindishwa upande mmoja, upepo unakisukuma, nacho kinausukuma usukani mkubwa upande wa pili na kuushikilia hapo. Rubani anapata kuondoa mkono. Katika DC-3, ndege iliyobeba Afrika Mashariki kwa miaka mingi baada ya vita, kulikuwa na trimu tatu ndani ya chumba: ya kupandisha na kushusha pua, ya usukani wa mkia, na ya kuviringika. Hiyo ya mwisho ilikuwa na kibawa kwenye ailironi ya kulia pekee.

Huo ndio wakati ambao Mwadui nayo ilikua. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi huko mwaka 1940, na kufikia kifo chake Januari 1958 mgodi ulikuwa mji mzima wenye kiwanja chake cha ndege, umbali mfupi kutoka Shinyanga. Migodi mikubwa ya dhahabu iliyofuata, Bulyanhulu na Geita mpya iliyofunguliwa mwaka 2000, nayo ilijengewa viwanja vyake. Huu ni ukanda ambao mali yake imezoea kuwa na njia ya ndege kabla wakazi wake wengi hawajapanda ndege. Kiwanja cha Ibadakuli, cha Shinyanga yenyewe, kilibaki cha changarawe kwa miaka mingi hadi kilipoingizwa katika mpango wa viwanja vya mikoa pamoja na Tabora, Kigoma na Sumbawanga.

Mwinuko nao una sehemu yake. Mwanza, Shinyanga na Geita ziko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Injini ya pistoni isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo kabla ya jua la saa saba mchana halijaongeza tabu, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu imeshapotea. Ndege hutumia barabara ndefu kuruka, hupanda polepole huku pua ikiwa juu na injini imefunguliwa yote. Hiyo ni hali ileile ambayo mvuto wa upande huwa mkubwa na hudumu. Katika Cessna 206, punda wa viwanja vya porini, huongezeka jambo la mafuta. Matoleo yake ya zamani hunyonya tangi la bawa moja kwa wakati mmoja. Lita 50 zikishatoka kushoto bila kuguswa kulia, bawa la kulia ni zito kwa kilo 36 hivi, na ndege inaanza kulala upande huo hata kama panga linavuta kwingine. Rubani makini hubadilisha tangi kwa saa, na hurekebisha trimu ya mkia kila anapobadilisha nguvu ya injini.

Kwa muda mrefu waliofanya kazi hiyo katika anga hii walikuwa karibu wote Wazungu. Mlango ulifunguka kwa upana mwaka 1971, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda. Soroti nayo iko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda walijifunza katika hewa nyembamba ileile ya nyumbani. Waliishika ndege inayovuta kushoto wakiwa na mwalimu pembeni, wakitazama kimpira kidogo kilicho ndani ya kioo kilichopinda, kinachoonyesha kama ndege inakwenda sawa au inaburuta mkia. Kanuni ni fupi: kanyaga upande ambao kimpira kimekimbilia. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege Tanzania likaundwa mwaka huohuo, lakini chuo kilibaki.

Wakati huo tayari kulikuwa na njia nyingine ya kujifunza bila kuondoka ardhini. Mwaka 1929 Edwin Link, kijana wa Binghamton, New York, ambaye familia yake ilitengeneza vinanda, alitumia viriba na pampu za vinanda kujenga ndege bandia, yaani simuleta, iliyoinama na kugeuka. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilinunua mashine sita baada ya marubani wake wengi kufa wakipeleka barua katika hali mbaya ya hewa. Kusudi la mashine hizo lilikuwa kumfundisha rubani kuamini vipimo mbele yake badala ya mwili wake, jambo ambalo Markham alilihitaji usiku ule juu ya nyika.

Kompyuta ndiyo iliyoileta simuleta nyumbani. Bruce Artwick alitoa mchezo wake wa kwanza wa urubani mwishoni mwa miaka ya 1970, na toleo lililotolewa na Microsoft likaja mwaka 1982. X-Plane ya Austin Meyer ya mwaka 1995 ilichukua njia nyingine, ikikokotoa nguvu kwenye kila kipande cha bawa na panga. FlightGear, iliyoanza miaka hiyohiyo, hutolewa bure na ina Cessna 172 ndani yake. Katika toleo la Microsoft la 2006 kulikuwa na vitelezi vitatu kwenye ukurasa wa mipangilio: cha msokoto wa injini, cha panga linaloshuka, na cha jairo, yaani panga kukataa kuinamishwa. Ukivishusha vyote hadi sifuri, ndege inaruka ikiwa imenyooka kabisa. Hakuna Cessna ya namna hiyo duniani. Toleo la 2020 lilileta picha za setilaiti za dunia nzima, na kijana anaweza kuruka Mwanza, akavuka ghuba na kutafuta mashimo ya mgodi wa Geita chini yake.

Hapo ndipo malalamiko huanza, ya kwamba ndege ya simuleta inalala kushoto na huenda programu ni mbovu. Kwa kawaida programu inasema kweli, ila vifaa vya mchezaji vinaificha kweli hiyo. Wengi hawana pedeli. Mkono unapeleka joistiki kulia kuzuia bawa lililolala, pua inabaki imegeuka, kimpira kinakaa pembeni, na ndege inakwenda ikijiburuta kimshazari. Wengine hukimbilia trimu ya kuviringika, wakati Cessna 172 haina kabisa trimu hiyo ndani ya chumba. Ina kipande cha bati kwenye usukani wa mkia ambacho fundi hukipinda kwa mkono ndege ikiwa chini. Na joistiki ina springi inayoirudisha katikati daima. Katika ndege halisi, rubani kwanza huishikilia ndege anapotaka iwe, kisha huzungusha trimu hadi uzito utoke mkononi. Kwenye joistiki ya springi uzito huo haubadiliki, hivyo mwanafunzi huzoea kuirusha ndege kwa trimu yenyewe, na tabia hiyo hulazimika kuvunjwa siku anapokaa kwenye ndege ya kweli.

Ndege kubwa za panga hazijaondoa tatizo, zimelihamisha tu kwa sehemu kutoka mguuni kwenda kwenye mitambo. Mwaka 2016 Air Tanzania ilipofufuliwa kwa Bombardier Q400 mbili, wako waliozidharau kwa kuwa ni za pangaboi. Injini zake mbili zina nguvu za farasi karibu 5,000 kila moja na mapanga yote mawili huzunguka upande mmoja, kwa hiyo injini ya kushoto ikizimika wakati wa kuruka, shida huwa kubwa kuliko ikizimika ya kulia. Marubani wa ndege hizo hulirudia zoezi hilo mara kwa mara ndani ya simuleta kubwa zinazotembea, mfano ile ya Q400 iliyoko chuo cha Ethiopian, Addis Ababa. Katika simuleta hizo pedeli huwa nzito kama za kweli, na mguu hutetemeka baada ya dakika chache za kushikilia.

Kwa kijana wa Kahama au Katoro mwenye kompyuta ya kawaida, pa kuanzia ni kuweka mvuto wote wa panga kwenye kiwango cha juu, kuzima msaada wa usukani wa moja kwa moja, na kutafuta pedeli, hata za mbao za kuunga mwenyewe zenye springi na kifaa kidogo cha kupimia mzunguko, kwani mashabiki wengi wa simuleta duniani hujiundia hivyo. Kisha aruke Mwanza mchana wa joto, tangi zikiwa zimejaa, ashikilie mwelekeo mmoja kwa kimpira katikati, apunguze injini akiwa juu ya ziwa, na aone pua inavyobadilisha nia na kuelekea upande wa pili.